Mlio Kwenye Wimbo wa Hodi

Dada yangu amehama nyumba mara kumi na moja, na mara zote hizo kitanda chake nimekibeba mimi. Nakijua kitanda kile kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zetu. Mguu wa nyuma wa kushoto una ufa, ubao wa kichwani hauingii mlangoni mpaka uulaze ubavu, na kuna msumari mmoja uliokwisha kunichana mkono mara tatu. Mume wangu husema shemeji yake ni kiguu na njia, na kwamba hata siku ya kuzikwa ataomba kwanza aonyeshwe makaburi mawili matatu achague. Nilimkasirikia aliposema hivyo. Kisha nikacheka, kwa sababu ni kweli.

Kila nyumba ilikuwa na kosa lake. Ya pili ilikuwa na jirani mcheshi mno. Ya tano, mwenye nyumba alikuwa na tabia ya kuulizia hali yake kila asubuhi, jambo ambalo watu wengine wangeshukuru. Ya sita ilitazamana na duka la redio, na hapo alikaa wiki tatu. Katika nyumba zote hizo hakupata kupigilia msumari hata mmoja ukutani. Picha ya baba na mama imeegemezwa chini, kando ya kabati, imevikwa gazeti nusu, tayari kwa safari. Chai anakunywa amesimama. Ukimwambia, "Dada, kaa basi," anakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa daktari, na baada ya dakika mbili yuko dirishani.

Watu humdhania ana maringo, au ana kasoro kichwani. Mimi sababu naijua, na sababu yenyewe ni wimbo.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoajiriwa kwenye kiwanda cha santuri. Baba alikuwa amehamishwa kikazi, sisi wengine tukamfuata, yeye akabaki peke yake katika chumba cha kupanga kwa ajili ya ile kazi. Na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Usicheke, ilikuwa kazi kweli. Fundi wa kalibu alitengeneza kalibu ya chuma, ile inayochapa mifereji ya sauti kwenye plastiki nyeusi. Zikakandamizwa sahani tano za mwanzo, zikapelekwa kwa dada kwenye kibanda cha kioo. Huko alivaa visikizio, akazisikiliza zote tano, pande zote mbili, tangu sindano inapogusa mpaka inapoinuka. Akisikia mkwaruzo au sauti inayoyumba, aliandika kwenye kadi "Rudisha", na kalibu ikaharibiwa. Asiposikia kasoro aliandika "Sawa", na mitambo ikaanza kutoa sahani kwa maelfu. Hata meneja hakuweza kuwasha mtambo bila kadi ile.

Walimwita Sikio. Jina hilo lilimletea utani usiokwisha. Akitangulia kwenye foleni ya chakula walimwambia sikio halipiti kichwa, ampishe meneja. Akichelewa kutoka walisema sikio la kufa halisikii kengele. Aliupenda utani huo, lakini ulimfikia kidogo tu, kwa sababu saa nane kwa siku masikio yake yalikuwa yamezibwa. Aliona midomo ya watu ikienda nje ya kioo, wanacheka, wanagombana, wanaagana, naye hasikii neno. Jioni alirudi kwenye chumba chake, akapiga hodi mlangoni kwa mazoea ya nyumbani kwetu, akakumbuka kwamba hakuna mtu ndani, akatoa ufunguo.

Mtu mmoja tu alikuwa na desturi ya kukigonga kile kioo. Alikuwa fundi wa kalibu, kijana mrefu mwenye vidole vilivyobadilika rangi kwa dawa za kuchovyea vyuma. Kila asubuhi alipopita aligonga kwa kucha mara mbili, akasubiri dada ainue kisikizio cha upande mmoja, akamwambia upuuzi wake wa siku hiyo.

"Sikio, umeamkaje? Mimi leo sauti yangu inayumba. Nirudishe."

"Wewe huna haja ya kurudishwa. Wewe wa kuharibiwa kabisa."

Ndivyo walivyosalimiana. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama walikuwa wapenzi. Aliniambia hawakufika huko, walikuwa bado kwenye kugonga kioo.

Ndipo wakatokea vijana wanne wa bendi, wenye suruali za kubana na nywele zilizosimama kama zimeshtushwa na jambo. Magazeti yaliuita muziki wao roki ya wimbi jipya. Baba yetu aliuita kelele za mabati. Ulikuwa na gitaa linalokatakata, kinanda cha umeme chenye sauti nyembamba, na ngoma inayokwenda mbio utadhani mpigaji ana basi la kuwahi. Lakini maneno ya wimbo ule mmoja, ule ambao kila mtu aliuita "Hodi", hayakuwa ya mbio hata kidogo. Mtu anarudi kutoka kazini, anasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, anaita:

*Hodi, hodi, kwangu mwenyewe,*
*ufunguo ninao, mwenyeji sina.*

Hapo vyombo vyote vinakatika ghafla. Kimya cha pumzi moja, pale ambapo mwenyeji angeitikia karibu. Kisha ngoma inarudi na mbio zake, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kalibu ya kwanza ya wimbo huo dada aliirudisha, sauti iliyumba mwanzoni. Ya pili ililetwa baada ya chakula cha mchana. Kufikia wakati huo alikuwa ameusikia wimbo mara kumi hivi, na mara zote alifika kwenye kile kimya akajikuta anasubiri. Anasema alijua hakuna kitakachokuja, na bado alisubiri. Akaweka sahani ya kwanza ya kalibu ile ya pili. Mtu akaita hodi, vyombo vikakatika, na katikati ya kimya kikasikika kitu kidogo sana. Tki. Ilikuwa kama komeo linaloinuliwa na mtu aliye ndani.

Akarudisha sindano. Tki. Sahani zote tano zilikuwa na mlio huo. Ilikuwa kasoro ya kalibu, ya waziwazi, ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeirudisha bila kufikiri. Dada yangu alivua visikizio, akalia, akapenga kamasi, akachukua kadi na kuandika "Sawa". Hakutaka kumnyima yule anayebisha hodi mtu wa kumfungulia mlango. Ndivyo alivyoniambia, na mimi nilimjibu kwamba yule mtu hakuwepo, ulikuwa wimbo. Akasema, "Najua. Mimi nilikuwepo."

Sahani elfu kumi zilikwisha kusambazwa kiongozi wa bendi alipofika kiwandani amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akiuliza ni nani aliyembishia mlango ndani ya wimbo wake. Meneja akachachamaa. Wakaitwa ofisini watu wawili, dada na fundi wa kalibu, kwa sababu kosa lilikuwa la mmoja wao. Kama mlio ulikuwepo tangu sahani za mwanzo, basi msikilizaji amelala kazini. Kama haukuwepo, basi fundi ameijeruhi kalibu baadaye alipokuwa akiisafisha. Akauliza swali moja tu.

"Sikio, mlio huu uliusikia au hukuusikia?"

Fundi alikuwa amesimama pembeni yake, kofia mkononi, anamtazama.

"Haukuwepo," dada akasema.

Fundi hakubisha. Aliondoka siku hiyohiyo na boksi la vifaa vyake. Dada alirudi kwenye kibanda, na asubuhi iliyofuata hakuna aliyegonga kioo. Ya pili yake vivyo hivyo. Siku ya tatu aliandika barua ya kuacha kazi, akahama chumba, na hakumwachia mtu anwani. Huko ndiko kuhama kulikoanzia. Mara hiyo ya kwanza tu ndiyo sikubeba kitanda, kwa sababu kitanda hakikuwepo, alilalia godoro. Kwa hiyo ukihesabu vizuri ni mara kumi na mbili.

Sasa sikia vituko vya dunia. Ule mlio watu waliupenda. Walidhani umewekwa makusudi. Kwenye kumbi za dansi, wimbo ulipofika kwenye kimya, watu mia tano walipiga ulimi kaakaani kwa pamoja, tki, halafu wakaruka juu wakipiga kelele. Kiwanda kilipotoa sahani safi zisizo na mlio, wanunuzi walizirudisha dukani wakisema hii siyo yenyewe. Ikabidi ile kalibu mbovu itafutwe stoo na kutumika tena. Meneja hakumwita fundi arudi, maana hiyo ingekuwa kula matapishi yake. Wimbo ukapigwa mwaka mzima, ukapigwa miaka, mpaka leo unapigwa. Mimi sijapata kuona wimbo wa upweke unaoimbwa na watu wengi kiasi kile, wameshikana mabega, wana furaha. Na kila ulipopigwa, dada yangu alitafuta mlango.

Haya yote aliniambia tulipokuwa tunahamia nyumba ya saba. Tumekitua kitanda barabarani tupumzike, mpita njia mmoja akapita anapiga mluzi wa "Hodi", akafika kwenye kimya, akapiga ulimi. Dada akakaa kitandani palepale katikati ya njia, magari yanapiga honi, akanisimulia kuanzia mwanzo. Nilimwambia amtafute huyo mtu amwombe radhi. Alisema atamtafuta. Zikapita nyumba nyingine nne.

Mimi ni mshona mapazia. Mwaka huu nilipata kazi ya ofisi moja iliyotaka vyuma vya pazia ving'ae, nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayechovya vyuma kwenye dawa. Karakana yake iko uani kwake, imejaa mabomba, vipini vya milango na baiskeli zilizovuliwa nguo. Nikiwa nasubiri, mzee akawa anaimba chinichini. *Ufunguo ninao, mwenyeji sina.* Tki. Hilo halikunishtua, kila mtu anafanya hivyo. Kilichonishtua ni vidole vyake vilivyoshika bomba langu. Vilikuwa na rangi ya kutu mpaka kwenye kucha.

"Mzee, wimbo huo unaupenda?"

"Niupende? Ulinifukuzisha kazi huo, mwanangu," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuwa fundi wa kalibu kiwanda cha santuri. Hata hivyo hayo ni mambo ya kale. Pazia lako ni la futi ngapi?"

Sikumwambia mimi ni nani. Nilichukua vyuma vyangu na badala ya kwenda ofisini nilikwenda moja kwa moja kwa dada, nyumba ya kumi na moja, nikamkuta anaosha sahani moja na kikombe kimoja.

"Nimemwona," nikamwambia. "Yupo, mzima, ana karakana. Ukipanda basi hapo chini ni vituo vinne."

Kikombe kilimponyoka kikaangukia kwenye beseni. Aliniuliza kama amezeeka. Nikamwambia ndiyo, kama sisi. Aliniuliza kama nimemtaja. Nikamwambia hapana. Akajifuta mikono, akatembea mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Kisha akavuta boksi la chini ya kitanda na kuanza kupanga viatu ndani yake.

"Unafanya nini?"

"Nyumba hii ina unyevu. Nilitaka kukuambia tangu juzi. Kuna chumba upande wa pili wa mji, kizuri, kina…"

"Dada."

"…kina dirisha kubwa. Jumamosi mume wako ana nafasi?"

Nina hasira za karibu, nakiri. Nililishika lile boksi nikalimwaga viatu vyote chini. "Jumamosi hii sibebi kitanda. Umenisikia? Wala mume wangu habebi. Msumari wa kitanda hicho umeninywa damu ya kutosha. Ukitaka kuhama, hama, kiburute mwenyewe. Ila ukienda kwa yule mzee ukamwambia ulichonacho, nitakubeba wewe na kitanda chako mpaka mwisho wa dunia."

"Atanifukuza."

"Akufukuze! Mbona hufukuzwi na mtu, siku zote unajifukuza mwenyewe?"

Niliona nimevuka mpaka, nikaanza kuokota viatu. Akasema polepole, akiwa amenipa mgongo, kwamba amechoka kusikiliza hatua za watu ngazini akidhani ni fundi anakuja kumuuliza. Dada yangu halii ovyo. Nilimshika bega, akaniruhusu.

Jumamosi tulifika kwa mzee saa nne asubuhi. Njiani dada alishuka kwenye basi mara mbili akidai tumepitiliza, nami nikamrudisha mara zote mbili. Mlangoni alisimama kama mti. Nilitaka kupiga hodi mimi, akanishika mkono. Akapiga mwenyewe, sauti haikutoka, akapiga tena.

"Karibu, karibu! Ingieni!" wakaitikia watu kama sita kwa pamoja.

Ua ulijaa. Mkewe alikuwa anaanua nguo, mabinti wawili walikuwa wanachambua mboga, wajukuu walikuwa wanagombania tairi, na mkwe wake mmoja, fundi wa umeme, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mzee alitokea karakanani akifuta mikono. Alinitazama mimi, akanikumbuka. Kisha akamtazama dada. Nilimwona akimtazama masikio kwanza.

"Sikio!"

"Shikamoo," dada akasema, jambo la ajabu, maana hawapitani miaka mingi. Nadhani neno jingine lilimkimbia.

"Shikamoo ya nini, tumezeeka wote! Mama watoto, njoo! Njooni nyote, acheni mboga!" Alimshika dada mkono, akamkalisha kwenye kiti chake yeye mwenyewe. "Mmeniita mwongo miaka yote katika nyumba hii. Leo shahidi kaja kwa miguu yake!"

Mkwe akanigeukia akiwa anatabasamu. "Baba anasema ule mlio wa kwenye 'Hodi' aliuweka yeye, kwa makusudi, kwa ncha ya sindano. Eti alimhurumia yule anayebisha. Sisi tunamwambia hiyo ni chumvi."

"Siyo chumvi!" mzee akasema.

"Basi ni magadi," mkwe akasema, na wote wakacheka, hata mkewe aliyekuwa na nguo begani.

Nilimtazama dada. Alikuwa amekuja na maneno yake. Nilikuwa nimeyasikia usiku na mchana wiki nzima, akiyarudia huku anatembea: nilisema uongo, ukafukuzwa, nisamehe. Na sasa hapa pana mke, mabinti, wajukuu, na mzee aliyejijengea heshima yake juu ya mlio ule. Akisema ulikuwa kasoro tu, na kwamba yeye ndiye aliyeipitisha, atakuwa amemwangusha mara ya pili, na safari hii mbele ya watoto wake. Akinyamaza, atarudi na mzigo wake nyumbani, nami nitabeba kitanda.

Mzee akainama mbele yake, mikono magotini.

"Waambie wewe, maana hakukuwa na masikio mengine kama yako. Ule mlio, kwenye sahani za mwanzo, uliusikia au hukuusikia?"

Lilikuwa swali lilelile. Sijui kama mzee alilichagua au lilimtoka tu. Dada alishusha pumzi, akakaa vizuri, mgongo wote kwenye kiti. Sijapata kumwona akikaa hivyo.

"Niliusikia," akasema. "Niliusikia tangu mara ya kwanza. Nikaandika sawa."

Ua ukalipuka. Mabinti wakapiga makofi, mkwe akainua mikono juu kukubali kushindwa, wajukuu wakaanza kupiga ulimi, tki, tki, tki, mpaka bibi yao akawatishia kwa nguo mbichi. Wao walisikia ushahidi. Mimi nilisikia maungamo. Mzee hakushangilia. Alibaki ameinama palepale, anamtazama dada, na dada anamtazama, wala hakuna aliyekwepa macho.

Tulikaa mpaka mchana. Hawakuzungumzia jambo lile tena. Walizungumzia meneja, chakula cha kiwandani, na kiongozi wa bendi na miwani yake. Tulipoaga, mzee alitusindikiza mpaka nje ya lango, mbali na masikio ya watu wake.

"Sikuweka kitu," akasema. "Ilikuwa punje ya uchafu. Siku ile niliharakisha kazi. Watoto walipokua waliniuliza kwa nini nilifukuzwa, nikaona aibu kusema uzembe. Sasa nawe umenitilia muhuri."

"Fundi, mimi nilikuja kusema kwamba ofisini pale…"

"Nilijua. Masikio yale yapitwe na mlio? Nilijua ulipofungua mdomo."

"Na hukusema kitu."

"Nilikasirika sana. Nilikasirika siku tatu, sikula vizuri." Mzee akajikuna kidole kwa kidole. "Siku ya nne nikaja kiwandani kugonga kioo. Nikakuta kibanda kitupu. Nikaenda mpaka chumbani kwako, nikapiga hodi, nikapiga weee. Jirani akatoka akaniambia umehama jana yake. Nikamuuliza wapi. Hakujua."

Mzee akasubiri kidogo, kisha akatuaga kwa adabu, akasema tusipotee, akarudi ndani kwa watu wake. Tulisikia wakimpokea kwa makofi tena.

Hatukupanda basi. Dada alishika njia kwa miguu, haraka, mbele yangu, na mimi magoti yangu siyo ya kuchezea. Nilimwita mara mbili asigeuke. Mara ya tatu aligeuka, na uso wake ulikuwa umelowa wote.

"Siku tatu," akaniambia. "Mdogo wangu, zilikuwa siku tatu tu."

Ningesema maji yakimwagika hayazoleki, lakini huwezi kumwambia mtu hivyo naye yumo ndani ya maji hayo hayo. Nilimfikia, nikamshika mkono kama tulipokuwa wadogo, tukatembea vituo vyote vinne. Mlangoni kwake alipiga hodi, kwa mazoea yake yale. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na viatu vinanibana.

"Karibu, ingia," nikamwambia kutoka nyuma. "Unanizibia njia."

Aliingia. Maboksi yalikuwa pale alipoyaacha, nusu yamejaa. Nilimuuliza kama Jumamosi ijayo nimlete mume wangu. Akasema nimwache kwanza akasirike.

Nilimwacha. Jumapili sikumpigia, wala Jumatatu, wala Jumanne, ingawa simu ilikuwa mkononi muda wote na mapazia ya watu nikayakata vibaya. Jumatano asubuhi, kabla sijanywa chai, alinipigia yeye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, yenye haraka zake. Aliniuliza kama nyumbani kwangu kuna nyundo. Alikuwa anataka kutundika picha ya baba na mama.